Kabla ya kukariri jozi za maneno ya Kiingereza

Wengi wanaojifunza Kiingereza hukariri maneno yanayochanganya mawili mawili: "affect" na "effect", "advice" na "advise", "rise" na "raise". Ikifika siku ya mtihani wanakumbuka kwamba maneno yalikuwa mawili, ila lipi ni lipi, hawajui tena. Baada ya kusahihisha insha nyingi niliacha kugawa orodha hizo. Sasa nawaambia wanafunzi waulize kwanza neno linafanya kazi gani kwenye sentensi: ni nomino au kitenzi?

Jibu mara nyingi unalo tayari kwa Kiswahili. Ukitaka kusema "kuathiri", andika "affect". Ukitaka "athari", andika "effect". "Ushauri" ni "advice" na "kushauri" ni "advise", ambayo mwishoni hutamkwa kwa sauti ya z. Tena ushauri hauna wingi kwetu, na kwao pia "advices" haifai. Ni kweli "effect" huweza kuwa kitenzi chenye maana ya kuleta jambo, kama "effect a change", lakini anayeanza hana haraka nayo. "Practice" na "practise" hufuata kanuni hiyohiyo Uingereza. Marekani huandika "practice" kwa yote mawili. Chagua upande mmoja ubaki nao.

Kundi ninalopenda kulifundisha ni la kauli ya kutendesha. Sisi tuna kopa na kopesha, panda na pandisha, lala na laza: shina ni lilelile, mwisho tu ndio umebadilika. Kiingereza hapo huleta neno jingine: "borrow" na "lend", "rise" na "raise", "lie" na "lay". "Prices rise", bei zinapanda zenyewe. "They raise prices", kuna watu wanaozipandisha. Ukijua kwamba Kiswahili chako kingedai kutendesha, umeshajua neno la kuchukua. Kinachokera ni kwamba "lie" ikienda wakati uliopita inakuwa "lay", yaani inafanana kabisa na ile ya kulaza. Hapo sina mbinu, kariri tu: "lie, lay, lain" kwa kulala, "lay, laid, laid" kwa kulaza.

"Its" na "it's" hazistahili kukuumiza kichwa. Soma "it is" au "it has" mahali pake. Sentensi ikikataa, ondoa alama.

Vielezi navyo vinataka macho. Si kila chenye "-ly" ni kielezi: "friendly" na "lonely" ni vivumishi. Na "hard" ni kielezi bila kuongezewa chochote. "I work hard" ni kufanya kazi kwa bidii, ilhali "I hardly work" ni kwamba kazi karibu hufanyi kabisa. Kama unaandika barua ya kuomba kazi, sentensi hiyo isome mara mbili kabla hujaituma.