Spidi kugota kwenye 94 mara nyingi ni waya, si kifurushi
Spidi ya intaneti ikigota kwenye Mbps 94 (megabiti kwa sekunde), kagua kwanza waya unaotoka kwenye ruta kwenda kwenye kompyuta. Usikimbilie kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Umelipia Mbps 200 na kipimo kinagota kwenye 94 hivi, maana yake ruta na kompyuta zimekubaliana kwa Mbps 100. Ndani ya waya wa neti kuna nyuzi 8, yaani jozi 4. Gigabiti (Mbps 1000) inazitaka zote. Mbps 100 inatosheka na jozi 2 tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo uzi mmoja ukilegea huenda intaneti isikatike, ikapungua tu, na lawama zote zinaenda kwa kampuni ya intaneti.

Nimevuta waya majumbani miaka kadhaa, na mkosaji mara nyingi ni kile kiulimi cha plastiki cha kwenye kichwa cha waya, ile ncha unayochomeka. Kikivunjika, kichwa kinaingia lakini hakishiki, ukisogeza meza kidogo taa ya porti inazima. Chomeka mpaka usikie "tak", halafu vuta taratibu. Kikitoka, badilisha kichwa au waya mzima. Angalia na ncha ya pili, wengi huisahau.

Ila kama ruta yenyewe ni ya zamani yenye porti za 100, waya mpya hautasaidia kitu. Na ukiona taa ya LOS (ya kupotea kwa mawimbi) ni nyekundu kwenye kiboksi cha faiba, hapo mwanga haufiki au ni hafifu mno: ule waya mwembamba usiuchomoe wala kuukunja, waite mafundi wa kampuni.