Stokes kufunga zamu Edgbaston: kabla ya kumsulubu nahodha, mtazameni kipa

Mleta mada anauliza kama Ben Stokes, nahodha wa kriketi wa Uingereza, alikuwa na akili timamu pale Edgbaston, Juni 2023, alipofunga zamu ya timu yake siku ya kwanza tu ya Ashes, mfululizo wa Uingereza na Australia. Walikuwa na 393 kwa wiketi 8 (mikimbio 393, wapigaji 8 wameshatolewa), Joe Root ana 118 na anapiga anavyotaka. Mwishowe Australia wakashinda kwa wiketi 2. Nimesoma majibu yote na naona wengi mmeshatoa hukumu: kiburi, kutafuta sifa, kamari ya kijinga. Mimi nakataa, na ninyi mtanivumilia kwa urefu.

Kwa wale wa mpira wa miguu mlioingia humu kwa kupotea njia: Testi ni siku tano, kila timu inapiga mara mbili, na wingi wa mikimbio peke yake haukupi ushindi. Ni lazima uwatoe wapinzani zamu zote mbili, yaani wiketi 20, labda wenyewe wafunge zamu mapema. Muda ukiisha hujawamaliza, ni sare hata kama umewazidi kwa 400. Ndiyo maana nahodha ana ruhusa ya kusema inatosha na kuwaita wapigaji wake watoke. Anatoa mikimbio, ananunua muda. Swali la maana ni moja: alinunua nini, na kwa bei gani?

Mimi niko Tabora. Nilisoma India, wenzangu wengine walirudi na wake, mimi nikarudi na kriketi. Hapa tuna kikundi chetu: walimu, vijana wa maduka ya spea, wanachuo, na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye ndiye mwamuzi, mweka hesabu na mwenye king'amuzi. (Kwenye banda umiza usijaribu kuomba wakuwekee mechi ya siku tano, utapigwa.) Tunatumia mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu ya umeme, tunacheza kwenye uwanja wa shule, na anayesubiri zamu yake anakaa chini ya miembe.

Kuna Oktoba moja tulikubaliana kucheza Testi yetu, Jumamosi na Jumapili, kila timu ipige mara mbili, na mchezo uishe Jumapili kwa adhana ya Magharibi. Jumamosi jioni nahodha wetu, kijana wa spea za pikipiki, akafunga zamu yetu wakati bado tuna wiketi tatu mkononi. Kelele zilizopigwa pale! Aliyekuwa anapiga alikuwa anaikaribia hamsini, na salamu ya nahodha hakuitikia siku nyingi. Mimi nikavaa glovu zangu za ujenzi nikaenda kuchuchumaa nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu, maana mimi ni kipa.

Pale ndipo nilipoelewa. Wale wapigaji wawili wa kwanza walikuwa wameukimbiza mpira tangu asubuhi, na jua la Tabora kabla ya mvua mnalijua. Midomo imekauka, vumbi hadi kwenye nyusi. Muda mfupi uliopita walikuwa wanawaza maji ya kunywa na kitanda. Sasa wanaambiwa vaeni pedi. Jua limeshuka, liko nyuma ya mrushaji, linawaingia machoni. Mtu wa namna hiyo haji kupiga, anakuja kuomba usiku uingie. Na anayeomba usiku uingie miguu yake haisogei. Kipa huiona miguu hiyo kabla ya mrushaji mwenyewe. Tukamtoa mmoja, tena yule tuliyekuwa tunamwogopa, kwa mpira ambao asubuhi angeupeleka miembeni. (Mechi yenyewe iliishia kwenye ubishi: misikiti miwili ilipishana kuadhini kwa dakika kadhaa, na kila timu ikawa na msikiti wake.)

Sasa turudi Edgbaston. Jioni ile Stokes alinunua ova 4 (ova moja ni mipira sita) na mpira mpya, dhidi ya wapigaji wa kwanza wa Australia, David Warner na Usman Khawaja, waliokuwa wamesimama uwanjani siku nzima. Anayemkabili Warner ni mrushaji Stuart Broad, mtu aliyemtoa mara 7 kwenye Ashes ya 2019. Bei yake? Root alikuwa amebaki na mrushaji, Ollie Robinson, na nyuma yao ni James Anderson peke yake. Labda wangeongeza 30, labda 3. Warner na Khawaja wakavuka salama, 14 bila wiketi, na hapo ndipo mnaposema kamari imefeli. Asubuhi yake Broad akamtoa Warner, na mpira uliofuata akamtoa Marnus Labuschagne. Siwezi kuwaapia kwamba jioni ile ndiyo iliyoleta asubuhi hiyo, lakini hata ninyi hamwezi kuapa kwamba haikuchangia.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa humu. Siku ya tatu mvua ilikatakata mchezo, Uingereza wakapiga kipande kifupi tu cha zamu yao ya pili chini ya mawingu mazito. Ndani ya mipira michache Ben Duckett na Zak Crawley wote wakatoka, siku ikafungwa kwa 28 kwa wiketi 2. Yaani kile Stokes alichokitafuta siku ya kwanza, kipande kifupi kibaya kwa mpigaji, kilifanya kazi vilevile alivyofikiri. Tofauti ni kwamba kiliwafanyia kazi Australia, bure, bila kulipia hata mkimbio mmoja.

Mdau mmoja hapo juu ameandika, "wangeongeza 30 tu wangeshinda." Ndugu yangu, hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mpira uliorushwa baada ya hapo ungebaki palepale. Ukibadilisha jioni ya kwanza umebadilisha kila kitu: nani anapiga saa ngapi, chini ya wingu lipi, mpira una ova ngapi. Na siku ya tano kikao chote cha asubuhi kilimezwa na mvua. Kwenye mechi ya namna hiyo huwezi kusema muda haukuwa na thamani.

Mnaotaka kamari ya kweli, nendeni Port of Spain, 1968. Garry Sobers, nahodha wa West Indies, Testi ya nne dhidi ya Uingereza, mfululizo bado haujapata mshindi. Zamu ya kwanza walikuwa wamefikisha 526 kwa wiketi 7. Siku ya mwisho akafunga zamu ya pili kwa 92 tu kwa wiketi 2, akawaachia Uingereza 215 kwa dakika 165. Colin Cowdrey akapiga 71, Geoffrey Boycott akabaki na 80, wakashinda kwa wiketi 7 zikiwa zimesalia mipira mitatu. Ushindi huo ndio ulioamua mfululizo mzima, na Sobers alilaumiwa vikali. Huyo alimwachia mpinzani lengo linalofikika na muda wa kulifikia, siku ya mwisho, hakuna tena kesho ya kurekebisha. Stokes alikuwa na siku nne mbele yake. Kuyaweka mambo haya mawili kwenye kapu moja ni uvivu.

Na yuleyule Stokes, Rawalpindi, Desemba 2022, kwenye uwanja uliokufa kabisa, usiomsaidia mrushaji, alifunga zamu akiwaachia Pakistan 343 na muda wa kutosha kuzifikia. Wakatoka kwa 268, Uingereza wakashinda kwa 74, na Jack Leach akaimaliza wiketi ya mwisho mwanga ukiwa unayoyoma. Siku ile alikuwa mjuzi wa mchezo. Miezi sita baadaye, kwa akili ileile, amekuwa mpumbavu.

Kama mnatafuta pa kubandika lawama za Edgbaston, mimi kama kipa nawaelekeza nyuma ya wiketi. Uingereza walimwacha nje Ben Foakes, mwenye mikono bora kuliko wote, wakampa glovu Jonny Bairstow kwa sababu ya kupiga kwake. Bairstow akakosa kumtoa Cameron Green wa Australia kabla hajapata hata mkimbio mmoja. Green akafikisha 38. Akaangusha mpira aliopiga Alex Carey. Carey akafikisha 66. Na Broad aliiangusha wiketi ya Khawaja, Khawaja akiwa na 112, kumbe Broad alikuwa amevuka mstari wa kurushia, mpira ukawa batili. Khawaja akaishia 141. Jumlisheni wenyewe. Siku ya mwisho Australia wakiwa 227 kwa wiketi 8, wakifukuza 281, Pat Cummins na Nathan Lyon wakaongeza 55 bila kutengana, na katikati yake Stokes mwenyewe aligusa mpira aliopiga Lyon kwa mkono mmoja ukaponyoka. Kumteua Bairstow kuwa kipa nayo ilikuwa kamari, tena iliyodumu siku zote tano, lakini haikupigwa hadharani mbele ya kamera saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo hakuna anayeifungulia uzi.

Aliyeuliza kuhusu Old Trafford (uwanja wa kriketi, si ule wa mpira wa miguu) mwezi uliofuata, ambako Stokes hakufunga zamu: hapo tuko pamoja, alikosea. Kila mtu alijua mvua ya wikendi inakuja. Siku ya tatu Uingereza wanaongoza kwa mbali, wakaendelea kupiga hadi 592 wote wakatoka, wiketi ya mwisho peke yake ikaongeza 66, Bairstow akaachwa na 99. Kisha mvua ikaja kama ilivyotabiriwa: siku ya nne wakapata ova 30, ya tano hata mpira mmoja haukurushwa, na Australia, 214 kwa wiketi 5 na bado wako nyuma, wakaondoka na sare iliyowahakikishia kubaki na Ashes. Kumi na nane kati ya wiketi 20 zilipatikana Edgbaston, ambako alifunga mapema. Old Trafford zilipatikana 15.