Kula kwa mkopo kunakumaliza mtaji

Pole sana, dada. Umesema mgahawa wako huko kijijini Njombe unajaa mchana, lakini jioni hela ya mchele na mkaa huna. Wateja unao, kinachokumaliza ni daftari la madeni. Kuanzia Januari hela ya mkulima imeishia kwenye mbolea na ada, basi anakula kwa mkopo hadi avune, na wewe duka la jumla halikukopeshi. Weka kikomo: sahani tatu, kisha alipe. Asiye na pesa alete maharage au kuni, mpimiane hapohapo. Bei usiiguse kwanza. Punguza siku za nyama, pika makande. Hela ya mtaji iwe na kopo lake. Mimi nilichanganya na ya nyumbani, jiko likazimika miezi miwili.