Kabla hujamwambia aombe uzamivu, mwambie nani analipa

Huu ni mwaka wa sita nawasaidia wanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo kimoja kusini mwa Texas, karibu na Mto Rio Grande. Wengi ni Walatino, wazazi wao wametoka Meksiko, na katika ukoo wao ndio wa kwanza kukanyaga chuo kikuu.

Mwanzoni nilikosea. Kulikuwa na binti wa biolojia, alama zake A tupu. Kila nikimtajia shahada ya uzamivu (PhD) anaitikia "sawa", kisha anakimbilia zamu yake dukani. Nikadhani hataki. Siku moja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hiyo miaka mitano nitaikopea wapi?" Nilisikia uchungu. Muhula mzima nilikuwa nampigia debe bila kumwambia kuwa programu nyingi za uzamivu wa sayansi Marekani humlipia mwanafunzi ada na kumpa posho, naye hufundisha au hufanya utafiti maabara. Tangu siku hiyo naanza na pesa, mengine yanafuata.

Likaja la nyumbani. Yeye ndiye anayemtafsiria mama yake hospitalini na kumjazia fomu. Kuna waliomshauri ajifikirie mwenyewe kwanza. Mimi ushauri huo siukubali. Kwetu Tanga pia mtoto aliyesoma ana watu nyuma yake, na hilo si ugonjwa wa kutibiwa. Nikamwomba amlete mama. Alikuja na tamales, unga wa mahindi uliojazwa nyama na kupikwa kwa mvuke, zimefungwa kwenye karatasi ya foili, bado za moto, akaziweka juu ya makaratasi yangu. Binti akatafsiri swali lake la kwanza: akimaliza atakuwa daktari wa kutibu? Tukaelezana taratibu. Kisha tukapanga nani atampeleka kliniki, na mdogo wake wa kiume akapewa kazi hiyo.

Mengine ni ya kuwahi tu. Mwaka wa pili mtafutie utafiti wa kiangazi. Programu za REU, za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, zinazofadhiliwa na NSF, shirika la serikali la kufadhili sayansi, humlipa mwanafunzi, na nyingi humpa malazi. Ila zinataka raia wa Marekani au mwenye ukaazi wa kudumu, kwa hiyo muulize hilo faraghani, kwa heshima. Kama chuo kina McNair, programu ya kuwaandaa wanafunzi kama hawa kwa uzamivu, iliyopewa jina la mwanaanga aliyekufa katika chombo cha anga Challenger mwaka 1986, ajiandikishe mapema.

Barua za mapendekezo kwa kawaida ni tatu, na hapa ndipo wengi wanakwama. Wanaamini anayekwenda ofisini kwa profesa ni yule aliyefeli. Yule binti tulifanya mazoezi mlangoni kwangu: anabisha, anaingia, anasema jina lake na anachotaka kuuliza. Mara ya nne aliacha kuanza na "samahani".

Maombi mengi hufungwa Desemba. Vyuo vingi vimeacha kudai GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu, hivyo angalia kila programu kabla hajalipia. Msamaha wa ada ya maombi uombwe mapema, siyo siku ya mwisho.

Kwa vyuo vingi, mwisho wa kujibu ofa yenye ufadhili ni tarehe 15 Aprili. Binti yetu alijibu usiku wa tarehe 14, mezani kwao jikoni, mama yake akiwa amekaa pembeni na miwani usoni, anasoma Kiingereza neno kwa neno.