Jani Kabla ya Tunda: Jinsi Ninavyochagua Mbegu ya Nyanya Isiyopendwa na Wadudu

Kila aliyewahi kupogoa machipukizi ya nyanya anaifahamu rangi ya kijani yenye manjano inayobaki vidoleni, ile ambayo ukinawa hugeuza maji ya beseni kuwa kijani, na harufu yake isikuache mpaka jioni. Nimelima nyanya Muheza, katika bonde lisilo mbali na mto Zigi, kwa miaka kumi na mitatu, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliihesabu rangi hiyo kuwa uchafu wa kazi tu. Leo naamini kwamba humo ndimo ulimo ulinzi wa kwanza wa mnyanya, na kwamba mkulima anayetaka mbegu isiyoshambuliwa ovyo na wadudu hana budi kulichunguza jani kabla hajalisifu tunda.

Sisi wa ukanda wa chini wa Tanga hatuna baridi ya Lushoto ya kutupunguzia wadudu. Kaskazi inapoanza kuvuma na jua likakaza, nzi weupe huongezeka hata ukiugusa mche mmoja wanapaa kama majivu yaliyopulizwa, na nyuma yao hufuata ule ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa ya njano ambao wengi wetu tunauita rasta. Mwaka 2014 akaongezeka kantangaze, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini, ambaye jike lake moja huweza kutaga mayai hadi 260 na kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na tunda, mahali ambapo dawa ya kupuliza haimfikii kwa urahisi. Kuna msimu nilipiga dawa mara mbili kila wiki, na nilipopiga hesabu nikakuta kwamba fedha ya dawa imeipita fedha ya mbegu, mbolea na vibarua wa kuvunia kwa pamoja. Hata hivyo matenga niliyoyafikisha soko la Mgandini yalikuwa na matunda yaliyotobolewa, na dalali akayashusha bei mbele yangu. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kama mmea wenyewe hauwezi kusaidia.

Mmea hujikinga na mdudu kwa namna tatu, na ni vizuri kuzitofautisha mapema. Namna ya kwanza ni kumkataa: mdudu hutua, akakuta jani linanata, lina harufu asiyoitaka au lina vinyweleo vinavyomzuia kufika kwenye ngozi ya jani, akaondoka bila kutaga. Namna ya pili ni kumdhuru: mdudu hula, lakini hakui vizuri, au hufa, au huzaa wachache. Namna ya tatu ni kustahimili, yaani mmea huliwa kama mingine lakini huendelea kuzaa. Mkulima hupenda sana hii ya tatu kwa sababu huiona katika mavuno, ila mimi naipa nafasi ya mwisho kwa nzi weupe, kwa kuwa mmea unaowastahimili huendelea kuwalea, na wanaolelewa humo huhamia kwa jirani wakiwa na ugonjwa.

Ukilitazama jani la nyanya kwa kioo cha kukuzia, utaona vinyweleo vya aina mbalimbali, vingine virefu na vikavu, vingine vifupi vyenye kitone kichwani kinachong'aa kama tone la mafuta. Hivyo vyenye kitone ni tezi, na ndizo zinazopasuka vidoleni mwetu na kutuachia ile rangi. Nyanya tunazolima bado zinazo tezi za namna moja, lakini tezi fupi zinazotoa utomvu wa sukari unaonata zimebaki kwa uchache, hasa kwenye miche michanga. Haishangazi, kwa maana kwa vizazi vingi binadamu amechagua tunda kubwa, jekundu na tamu, na katika kuchagua huko hakuna aliyekuwa akilitetea jani.

Ndugu wa porini wa nyanya, walioko Peru, Ekwado na visiwa vya Galapagos, hawakupitia uchaguzi huo. Upo mmoja uitwao Solanum pennellii, unaomea katika nyika kame za Peru, ambao majani yake yamefunikwa na utomvu wa sukari kiasi kwamba nzi weupe hawapendi kutua na kutaga. Mwingine, Solanum habrochaites, una vinyweleo tele na katika aina yake mojawapo tezi hubeba kemikali ambayo watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 1980 kuwa ni sumu kwa wadudu. Huko Uholanzi, watafiti wa Wageningen waliona kinga dhidi ya nzi weupe katika Solanum galapagense, ambao una faida ya kuwa ndugu wa karibu sana wa nyanya yetu na hivyo kuchanganyika nayo bila taabu kubwa.

Kwa nini basi mbegu hizo hazijajaa madukani? Jibu ni mzigo. Matunda ya habrochaites ni madogo, yana manyoya na hubaki ya kijani hata yakiiva. Unapolichanganya pori na shamba, jeni za kinga haziji peke yake; huja zimefungamana na jeni za tunda dogo, za uchungu, za mmea kutambaa ovyo, na kuzitenganisha huhitaji kurudisha mchanganyiko kwa mzazi wa shambani kizazi baada ya kizazi. Profesa Martha Mutschler wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alitumia miaka mingi kuhamisha utomvu wa pennellii pekee kwenda katika nyanya za kulimwa, akisaidiwa na vipimo vya maabara vinavyoonyesha ni kipande gani cha urithi kimepita. Kinga hiyo haiko katika jeni moja bali kadhaa zinazosaidiana, na hiyo ndiyo sababu kazi imekuwa ndefu. Nayaeleza haya ili msomaji asidhani kwamba mimi na wewe tutayafanya hayo kwa ndoo na jembe. Tunachoweza ni kidogo zaidi, lakini kipo.

Nilianza vibaya. Msimu wa kwanza nilitembea shambani wakati wa mavuno, nikauona mnyanya mmoja wa Tanya, ile aina ya nyanya niliyokuwa nikilima, uliosimama mwisho wa tuta, kijani na safi, wakati wenzake wamejikunja wote. Niliufunga kitambaa chekundu, nikahifadhi mbegu zake kama dhahabu, na msimu uliofuata nikazipanda robo nzima ya shamba. Ziliugua zote kama mama zao wengine. Ilinichukua siku kadhaa za kutembea mahali pale kuelewa: mnyanya ule ulikuwa umekingwa na safu ya mahindi upande wa upepo, na nzi hawakuufikia mapema. Haukuwa na kinga yoyote, ulinusurika tu kwa bahati ya mahali. Nimewaona wakulima wengi wakirudia kosa hili, na ndilo ninalotaka mtu aliepuke kuliko mengine yote katika makala haya.

Tangu hapo nafuata utaratibu mmoja. Kipande cha uteuzi hakipigwi dawa kabisa, na katika kila mimea minne ninayoichunguza napanda mmoja wa aina ninayojua kwamba nzi wanaipenda, ili pasiwe na kona ambayo wadudu hawakufika. Kama ule unaopendwa uko safi, basi jirani yake aliye safi hanithibitishii chochote. Nzi weupe nawahesabu alfajiri kabla umande haujakauka, kwa kuwa saa hizo wamepoa na hawaruki hovyo: nalipindua kwa utaratibu jani la tatu au la nne kutoka kileleni, naandika idadi, nahamia mmea unaofuata. Makinda yao nayatafuta kwenye majani ya chini, yaliyo makubwa zaidi, kwa kioo cha kukuzia. Nahesabu mara tatu katika msimu, kwa sababu mmea ulio mtamu ukiwa mchanga unaweza kubadilika ukianza kuzaa, na kinyume chake.

Mbegu ya kuanzia nayo ina maana, kwa kuwa huwezi kuchagua tofauti ambayo haipo. Tanya zote shambani mwangu zilikuwa karibu sawa kwa urithi. Tofauti niliipata kwa shangazi yangu, Maramba, ambaye nyuma ya jiko lake kumejaa vinyanya vidogo kama zabibu vinavyojiotea karibu na maji ya kuoshea vyombo. Nilipomwamkia na kumweleza ninachotafuta, alicheka akanijibu: "Marahaba, babaangu. Hivyo sikuvipanda mimi, na nzi hao unaowasema siwaoni humu. Chuma uwezavyo." Majani yake yalikuwa yakinata zaidi ya ya Tanya, na hilo mtu hulihisi kwa kidole hata bila kioo.

Kuvichanganya si kazi ya wataalamu peke yao. Nachagua ua la Tanya ambalo bado limefumba, petali zake zikiwa za manjano iliyofifia, na kwa kibano chembamba naondoa ule mrija wa manjano wenye chavua bila kuigusa ncha ya kike iliyo katikati. Ukichelewa mpaka ua likafunguka, limekwisha kujichavusha, kwa sababu hiyo ndiyo tabia ya nyanya. Baada ya siku moja au mbili natikisa ua la kinyanya juu ya ukucha wa dole gumba, chavua ikaonekana kama vumbi jeupe, kisha naigusisha ile ncha. Nakata vijani viwili vya kijani vilivyo chini ya ua ili nilitambue tunda lake baadaye, na hilo tunda huiva baada ya siku zipatazo hamsini.

Mimea ya kizazi cha kwanza hufanana yote, na mtu asikate tamaa kwa kuona matunda yake ni madogo. Uchaguzi uko katika kizazi cha pili, ambapo tabia hutawanyika. Kama kinga imejificha katika jeni moja, utaiona katika mmea mmoja kati ya minne; kama iko katika mbili, ni mmoja kati ya 16. Kwa hiyo miche ishirini haitoshi. Mimi hupanda kuanzia 120, na iliyo bora nairudisha kwa Tanya ili tunda lipate ukubwa wa kuuzika.

Mpaka sasa nina mistari mitatu, yaani koo tatu za mbegu zilizotokana na uchaguzi huo, ambayo, katika kaskazi mbili mfululizo, imebeba nzi weupe wachache kuliko Tanya iliyo kando yake, takriban nusu au chini ya hapo kwa hesabu zangu. Rasta huingia, lakini huchelewa, na kuchelewa kwa wiki tatu ni mavuno mawili au matatu ya ziada. Kwa kantangaze sijapata kitu. Viwavi wake hula mistari yangu sawasawa na Tanya, na sitarajii vinginevyo mpaka damu ya porini ifike kwa njia ya watafiti wenye uwezo huo.

Kuna mambo matatu yanayoweza kuiharibu hesabu. Urea nyingi hulainisha majani na kuwavuta nzi, hivyo mimea yote unayoilinganisha ipate mbolea sawa. Majani yanayonata sana yanaweza pia kuwazuia nyigu wadogo na wadudu wengine wanaotusaidia kula mayai ya waharibifu, na kwa hiyo sitafuti mmea unaonata kupita kiasi. La tatu ni joto: jeni iitwayo Mi, iliyotolewa katika nyanya pori na inayozuia minyoo fundo mizizini pamoja na baadhi ya vidukari, hupoteza nguvu udongo unapozidi nyuzi 28, na udongo wetu wa Januari hufika huko bila shida.

Ukienda duka la pembejeo, soma herufi zilizo kwenye kopo. V na F ni magonjwa ya mnyauko, N ni minyoo fundo, na TYLCV ni rasta, yaani ugonjwa wenyewe wala si nzi anayeuleta. Muulize muuzaji kuhusu wadudu hata kama unajua hana jibu, na umuulize bwana shamba pia, kwa sababu wazalishaji wa mbegu hutafuta kile kinachoulizwa. Mbegu zako mwenyewe zitumie shambani mwako. Ukitaka kuziuza, uzalishaji huo una taratibu zake chini ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, na ni vyema kuzifuata tangu mwanzo.

Mbegu za uteuzi nachachusha pamoja na maji yake kwa siku mbili, nasuuza, naanika kivulini juu ya sahani na kamwe si juu ya karatasi, maana hugandamana. Kila mmea una bahasha yake, na juu yake naandika namba ya mstari, tarehe, na zile hesabu tatu za alfajiri. Bahasha ambayo haina hesabu hizo, hata iwe ya tunda zuri namna gani, huenda jikoni.