Kabla hujaandika maelezo ya kitu, watafute wenyewe

Vijana wanaosomea uhifadhi huniuliza kazi ya mhifadhi wa historia na tamaduni ikoje katika makumbusho ya tamaduni mbili. Mimi nimeifanya Te Papa, makumbusho ya taifa ya Nyuzilandi, jijini Wellington; tamaduni zenyewe ni ya Wamaori, wenyeji wa asili, na ya walowezi wa Kizungu. Ushauri wangu wa kwanza: usiandike hata mstari mmoja juu ya kitu cha Wamaori kabla hujaongea na ukoo wake.

Te Papa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kufunguliwa 1998. Msingi wake ni Mkataba wa Waitangi wa 1840, baina ya machifu wa Kimaori na ufalme wa Uingereza. Ndiyo maana mkurugenzi mkuu huongoza pamoja na Kaihautū, kiongozi wa upande wa Wamaori, na ndani ya jengo mna marae, uwanja wa kupokelea wageni kwa taratibu za wenyeji.

Utakutana mapema na kanuni iitwayo mana taonga: wazao wa waliokitengeneza kitu wana kauli juu ya kinavyotunzwa, kinavyoonyeshwa na kinavyosimuliwa. Chuoni tulifundishwa kuandika aina ya mti, urefu, mwaka na jina la aliyekikusanya. Andika hayo, lakini wazee wakiingia ghalani watakisalimu kile kitu kama babu yao, watalia, wataimba. Weka kalamu chini, uwe nao. Watakalokueleza baadaye halimo katika daftari lolote la makumbusho. Na ratiba yako iwe na nafasi, maana ukoo ukifiwa, kikao kinaahirishwa. Kwa mtu wa kwetu hilo halihitaji maelezo.

Ghalani hakuliwi wala hakunywewi, na ukitoka unanawa maji. Usiyafanye kwa kumfurahisha mtu; yashike kwa heshima.

Kuhusu mabaki ya binadamu, hapo hakuna mjadala: hayaonyeshwi. Tangu 2003 Te Papa ina programu ya kuwarudisha nyumbani mababu waliotawanywa ng'ambo, na mwaka 2012 Ufaransa ilirudisha vichwa 20 vyenye chale za Kimaori. Sisi tunaovikumbuka vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, nguzo za mbao za kuwakumbukia wafu wao, vilivyong'olewa na kuuzwa hadi Marekani, tunaujua uchungu huo.

Wengi hudhani tamaduni mbili ni kuongeza Kimaori kwenye vibao. Hapana. Hata kitu cha mlowezi wa Kizungu, tuseme jembe la shamba lake, kina swali: ardhi ile ilikuwa ya nani, na ilitokaje mikononi mwao? Mhifadhi wa historia asiyeuliza hivyo anahifadhi nusu tu.

Ukiwa mgeni kama mimi, jifunze kujitambulisha kwa Kimaori: kwenu wapi, wazazi wako ni nani. Huko mtu hutaja kwao kabla ya cheo, nami nilijiona nimefika mahali panapoeleweka.

Mwisho, kila mzee anapokuambia jambo, andika ni nani amesema, na lipi amekataza lisitangazwe, kisha liingize kwenye kumbukumbu rasmi za kitu hicho. Likibaki kichwani mwako, atakayerithi meza yako ataenda kuwasumbua wazee wale wale kwa maswali waliyokwisha kuyajibu, au atalichapisha lile walilolikataza.