Ametulia kwa lithiamu: vipimo vya damu vya nini tena?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Tangu aanzishiwe lithiamu, kila baada ya miezi michache anapimwa damu, jambo ambalo dawa zake za awali hazikudai. Ugonjwa uko kichwani, damuni wanatafuta nini? Sasa ametulia na vipimo ni ghali. Tuviache?

JIBU: Marahaba. Msiviache. Kinachotafutwa ni lithiamu yenyewe, imo kiasi gani. Wengi hutakiwa wawe kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, ikivuka 1.5, sumu inanukia. Nafasi ni finyu mno.

Ufinyu huo ulijulikana kwa vifo. Mwaka 1949 John Cade wa Australia alichapisha habari za wagonjwa 10 wa mania, yaani msisimko uliopita kiasi, waliopewa lithiamu; wa kwanza wao, aliyepata nafuu ya ajabu, alikufa mwaka 1950 kwa sumu ya dawa hiyohiyo. Huko Marekani, lithiamu iliyouzwa badala ya chumvi ya mezani iliua watu, ikaondolewa sokoni. Aliyeiokoa, kwa maoni yangu, ni Edward Trautner wa Melbourne: yeye na wenzake walianza kuipima damuni. Lakini Marekani iliikubali mwaka 1970 tu. Inavyofanya kazi ndani ya ubongo, watafiti wanabishana hadi leo.

Tatizo liko kwenye figo, ambazo huichukulia lithiamu kama sodiamu. Mtu akiishiwa maji au chumvi, figo huing'ang'ania sodiamu, na lithiamu nayo hubaki, ikapanda bila dozi kuongezwa. Kwa hiyo kuhara, homa, jasho jingi la kazi za juani, hata kufunga Ramadhani, ni mambo ya kumweleza daktari wake mapema. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua kama pipi, huipandisha pia. Kadhalika vidonge vya presha vya kukojoza. Maumivu yakimshika, parasetamoli ni salama zaidi.

Akianza kutapika, kutetemeka sana, kuyumba au ulimi kuwa mzito, asimeze dozi inayofuata; mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Utulivu mnaouona umeletwa na dawa, na kuikatisha ghafla huweza kuirudisha mania. Kama pesa ni kikwazo, mwulizeni daktari wake vipimo vipi vinaweza kusubiri: vile vingine, vya figo na vya thairoidi (tezi ya shingoni), havihitajiki kila safari. Na damu itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Akimeza saa tatu usiku, afike maabara saa tatu asubuhi kabla hajameza nyingine, la sivyo mtalipia jibu lisilo na maana.